Tozo ya I-66 inaumiza tunaopeana lifti

Hii barabara kuu ya I-66 ya Virginia, Marekani, kipande kinachoingia Washington, inanikera sana. Zamani, saa za msongamano ilikuwa ya magari yenye watu wawili au zaidi. Unambeba jirani, mnapita bure, na gari moja linapungua barabarani. Desemba 2017 wakaruhusu hata dereva aliye peke yake, mradi alipe. Tozo inapanda magari yakiongezeka, na bei hubadilika kila baada ya dakika sita! Wiki ya kwanza tu ilifika dola 40, kwa kipande cha kilomita 16 hivi.

Kilichoniuma zaidi ni Desemba 2022, walipopandisha idadi ya kupita bure hadi watu watatu. Mimi na dada ninayefanya naye kazi sasa tunatozwa sawa na aliye peke yake. Huyo wa tatu, wa mtaa uleule, saa ileile, anayeelekea kulekule, tumtoe wapi? Muuguzi wa zamu, kwa mfano, hajipangii saa ya kuingia kazini. (Na hata mkiwa watatu, bila E-ZPass Flex, kile kifaa cha tozo cha garini chenye swichi ya kuonyesha mmebebana, mnalipa.) Mwenye pesa anapita tu. Warudishe watu wawili.