Kuchora vidhibiti kwa mkono: mstari wa orodha ndiyo, kitufe hapana

Niliwahi kutengeneza programu ya duka la dawa kwa Delphi, zana ya kuandikia programu za Windows. Kwenye orodha ya dawa, kila mstari una upau mwembamba pembeni: kijani dawa zikiwapo za kutosha, nyekundu zikikaribia kuisha. Muuzaji hahangaiki na namba. Anatupa jicho, anajua cha kuagiza. Windows haina upau huo, nauchora mwenyewe. Kila mstari unapotakiwa kuonekana, mfumo hutuma ujumbe wa WM_DRAWITEM, yaani "chora kipengele hiki", na kunikabidhi mstatili wa kuchorea pamoja na hali ya mstari: umechaguliwa au la.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vidhibiti vya mfumo, yaani orodha, vitufe na vingine vinavyokuja na Windows, visiguswe kabisa. Lakini hoja yao ina uzito, nami imeniuma. Niliita CreateSolidBrush, amri ya kuunda brashi ya kupakia rangi, kwa kila mstari, nikasahau kuifuta brashi kwa DeleteObject. Asubuhi programu ilikwenda vizuri. Alasiri madirisha yakaanza kutoka vipande vipande, mengine meusi. Kwa kawaida Windows huiruhusu programu moja kushika vitu vya GDI (sehemu ya Windows ya kuchorea: brashi, kalamu, fonti) 10,000 tu, na orodha inayoviringishwa kutwa nzima huvimaliza.

Kuna na macho ya wengine. Mstari wa pikseli 16 uliokaa sawa kwenye dpi 96 (nukta kwa inchi, kipimo cha kawaida cha skrini) hukata herufi skrini ikikuzwa kwa asilimia 150. Asiyeona anayetumia programu ya NVDA kusomewa skrini kwa sauti hauoni upau wangu. Mbaya zaidi, orodha ya kujichorea isiyowekewa alama ya LBS_HASSTRINGS haihifadhi maandishi yoyote, basi hata jina la dawa huenda asilisikie.

Kitufe ndicho nisichokigusa tena. Kina hali ya kawaida, ya kuelekezewa kipanya, ya kubonyezwa, ya kuzimwa, na ya kuchaguliwa kwa kibodi. Ukikichora, zote ni zako. Sura ya Windows ilipobadilika na XP mwaka 2001, vitufe vilivyochorwa kwa mkono vilibaki na sura ya zamani katikati ya vipya. Na faida yake ni nini? Rangi tu. Muuzaji hapati habari yoyote mpya.

Upau wa dawa nimeubakiza. Nimeongeza maneno kwenye mstari wenyewe, "zimebaki 4", na rangi za maandishi nazichukua kwenye mfumo.