Ukimwi ilipanda treni kitambo kabla ifike ziwani

Stori ya ukimwi ikianza kwa matatu hapa Kisumu lazima mtu aseme ni watu wa ziwa walieneza, ni wavuvi na akina mama wa samaki, alafu watu wanacheka. Mimi imenichosha, juu wanasayansi walishafuata njia ya hii virusi na haikuanzia beach yoyote ya huku.

Virusi ikijizalisha inakosea kosea kunakili jeni zake na makosa yanarithiwa, kama past paper iliyopigwa fotokopi juu ya fotokopi, doa la kwanza linaonekana kwa kopi zote zinazofuata. Sasa ukilinganisha virusi zilizo kwa damu ya watu wa miji tofauti unapata ukoo wa virusi, na juu makosa huongezeka kwa mwendo unaokadirika, unapata hata miaka. Ndio mwaka wa 2014 wanasayansi akina Nuno Faria na Oliver Pybus wakafuata huo ukoo nyuma wakapata ulianza kusambaa Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, miaka ya 1920 hivi. Chimbuko lenyewe ni sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun. Kutoka Kinshasa ikabebwa na reli ya Wabelgiji waliotawala Kongo, mwisho wa miaka ya 1940 watu zaidi ya milioni 1 kwa mwaka walikuwa wanapita Kinshasa kwa treni, wengi wakifuata kazi, ikafika Mbuji-Mayi na Lubumbashi, na Kisangani ikaenda kwa mto. Sindano za kliniki ambazo hazikuchemshwa vizuri nazo zinashukiwa. Hapo mvuvi wa Dunga, beach yetu ya Kisumu, ako wapi?

Kile naogopa ni hii sayansi kutumiwa kutafuta wa kulaumiwa. Gaëtan Dugas, yule mhudumu wa ndege kutoka Kanada, aliitwa mgonjwa wa kwanza Marekani na akatukanwa miaka karibu 30 akiwa kaburini, mpaka 2016 damu za zamani zikapimwa ikaonekana virusi ilikuwa New York tangu 1970 hivi, yeye alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Na hata virusi za watu wawili zikifanana haimaanishi huyu alimpa yule, labda kuna wa tatu hajapimwa. Kwa hivyo nyinyi wa maabara mkichora ramani ya virusi ya huku Nyanza wekeni barabara, wekeni mwaka, jina la beach wacheni.