Theluji Imekula Bati Langu

Jamani mie theluji sijawahi kuiona kwa macho. Ninayoijua ni ile inayoota ndani ya friji la mke wangu la kugandishia barafu za ukwaju. Kila Ijumaa naikwangua kwa kisu butu, halafu nasemwa eti nimetoboa friji. Nchi hii theluji ipo, sikatai, lakini yetu ina adabu zake. Imekaa kule juu Kibo, mita 5,895, haimsumbui mtu. Anayeitaka anaifuata mwenyewe, tena kwa kulipa. Sasa nielezeni, ilikuwaje theluji ya Chicago ikavuka bahari mpaka Tanga, ikaingia Ngamiani, Barabara ya 14, ikala bati langu?

Ilianza hivi. Paa langu limechoka. Usiku ukilala chali unahesabu nyota, na mbu wanaingia bila kupiga hodi mlangoni. Mwishoni mwa Januari, kaskazi inavuma, joto nyuzi 32, shati limeganda mgongoni, nikajisemea huu ndio wakati wa kuezeka, kabla masika haijatukuta mwezi wa tatu. Nikampigia mpwa wangu.

Kijana yuko Chicago mwaka wa sita huu, anaendesha gari kupeleka vifurushi majumbani, analipwa kwa saa. Siku hiyo alinipokea kwa bashasha. "Shikamoo mjomba!" Marahaba. Akanigeuzia kamera: jua linawaka, yeye kavaa fulana, nyuma yake watu wanakimbia na kaptula kando ya Ziwa Michigan. Akaniambia mwezi huu kwa kawaida baridi yake inakata masikio, ila wiki hii upepo wa joto umepanda kutoka kusini, watu wamesahau makoti. "Kazi zimejaa, mjomba. Napiga na saa za ziada. Jumamosi nakutumia laki tatu ya bati, wewe tafuta fundi."

Nikatafuta fundi. Fundi akaja, akapanda, akashuka, akatikisa kichwa kama daktari, akaomba ya soda. Nikampa. Ndiyo hela ya kwanza kuliwa na theluji, kabla hata haijaanguka.

Jumatano saa nane usiku simu inalia. Huko ndiyo kwanza saa kumi na moja jioni, na ndugu zetu wa ng'ambo wakishapata la kusimulia hawakumbuki kwamba dunia ni duara. Nafungua, naona macho mawili tu katikati ya kofia na skafu. Kila kitu nyuma yake cheupe.

"Mjomba, theluji! Gari langu silioni!"

Nikadhani limeibwa. Kumbe lipo palepale, limefukiwa. Akaanza kunisomesha: baridi imeteremka kutoka Kanada, ikakutana na hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, zikagombana juu ya vichwa vyao. Mie nimekaa kitandani nasikiliza ugomvi usionihusu, huku bando langu linayeyuka.

"Sasa Jumamosi?" nikamuuliza.

Kimya. "Mjomba, kazini wamefunga."

Akaona nimenuna, akaniletea ushahidi. Kuna mzee anafanya naye kazi, amemhadithia kwamba mji ule ndiyo tabia yake. Tarehe 24 Januari 1967 joto lilifika nyuzi 18, watu wakafurahi. Tarehe 26 alfajiri ikaanza kuanguka, haikukata mpaka kesho yake, sentimita 58. Magari 50,000 na mabasi 800 yakatelekezwa barabarani. Watu wakarudi kwao kwa miguu, wengine wakalala walikokwama.

Kesi hiyo nikaipeleka barazani kwenye kahawa, nikitegemea nitaonewa huruma. Badala yake mzee mmoja, ambaye hakuna mwaka usiomkuta yupo, akaweka kikombe chini. "Sitini na saba, tarehe 26? Siku hiyohiyo Halmashauri Kuu ya TANU imekaa Arusha, mpaka tarehe 29, ndipo lilipopatikana Azimio." Wakaacha theluji, wakaacha bati, wakaingia kwenye mkonge: shamba lipi lilitaifishwa, la nani, meneja wake alikuwa na mbwa wangapi. Mpaka adhuhuri. Kahawa nimelipa mie, maana ndiye niliyeleta mada.

Mama yake kijana naye, dada yangu wa Makorora, akaja analia tumtumie mwanawe koti. Koti! Makoti ya theluji yamejaa kwenye mtumba pale Mgandini, yanatoka hukohuko kwa mwanawe. Na wanaoyavaa ni vijana wa bodaboda, saa saba mchana, zipu mpaka kidevuni.

Alhamisi usiku mpwa akapiga tena. Safari hii ana furaha. Amechimba na sepeto saa tatu nzima, gari limetoka. Akanionyesha shimo, na katikati ya shimo pana kiti kibovu cha jikoni. Nikamuuliza, hicho nacho kimefukuliwa? Akacheka. Kumbe ndiyo desturi ya Chicago: ukishachimba nafasi yako ya kuegesha, ukiondoka unaweka kiti. Mwingine ataweka pipa, mwingine meza ya kupigia pasi. Hakuna askari wala kibao, lakini wenye akili zao hawagusi. Nikasema kumbe wazungu nao wana mila. Ikanikaa kichwani.

Ijumaa usiku, sasa. Mchana mbingu safi. Vuli ilishatuaga Desemba, masika bado, hakuna mvua yenye ruhusa ya kunyesha. Saa sita usiku nikasikia mnazi wa jirani unapiga kelele, kisha kishindo kutoka upande wa baharini, kisha maji. Si kwa matone. Ni kama mtu kapindua pipa. Tukaweka sufuria, beseni, ndoo, hotpoti ya mahari ya mke wangu, bado godoro likawa dau. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa kwenye kona yenye bati zima, akanitazama tu, na mie niliyeyazoea macho hayo nikajua maana yake: mjomba mtu.

Asubuhi mbele ya mlango ziwa. Nikachukua jembe, nikachimba mfereji, nikanunua kifusi mikokoteni miwili, nikashindilia. Umri wangu huu! Jioni pakawa pakavu, pametulia, pa kuegeshea baiskeli yangu. Naingia ndani kuchukua maji ya kunywa, natoka, namkuta jirani ameshaingiza bajaji yake. "Mzee, hapa pamekauka vizuri," ananiambia, anafunga turubai.

Hapo nikaikumbuka Chicago.

Jumapili, bajaji ilipotoka alfajiri, nikarudi kutoka msikitini, nikachukua kiti cheupe cha plastiki, nikakiweka katikati ya kifusi changu. Nakiri, kiti kilikuwa kikubwa kuliko baiskeli kinayoilinda. Mke wangu alikuwa ameshakwenda sokoni. Nikaingia ndani, nikapata pembe kavu ya godoro, usingizi wa siku mbili ukanichukua.

Lakini Chicago ni Chicago. Huku kwetu kiti cheupe cha plastiki nje ya nyumba alfajiri kina maana moja tu.

Nimekuja kuamshwa na kilio. Nachungulia dirishani: viti vimeshakuwa kumi na viwili, kila jirani kaleta chake. Wazee wa baraza wamekaa upande mmoja, wamenyamaza, jambo ambalo sijapata kuliona. Kinamama wametandika mkeka, kanga kichwani. Mmoja anasema, "Na jana tu kashinda na jembe, maskini, kumbe anajichosha." Mwenye bajaji ndiye anaandika majina ya wachangiaji kwenye daftari, tena amechanga mwenyewe elfu tano. Fundi wa bati naye yupo. Yeye anadai.

Nikafunga msuli vizuri, nikatoka. Kijana wa maturubai, mgeni mtaani, akaniwahi mlangoni: "Shikamoo mzee. Pole sana. Marehemu anazikwa adhuhuri au alasiri?"

Vurugu zilizofuata nisizisimulie. Mama mmoja alikimbia akaacha kiatu. Yule mzee wa Azimio alinikaribia polepole, akanigusa bega kwa ncha ya bakora, akawageukia wenzake: "Wa moto." Dada yangu kutoka Makorora akanikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena. Kisha akashika mdomo.

"Nini tena?"

"Nimeshampigia mtoto Chicago."

Huko ilikuwa saa sita usiku. Mtoto amelia, amesema mjomba ndiye aliyemlea. Kabla sijamjibu dada yangu, simu ya mke wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda na kikapu cha nyanya, ikalia kidogo. Ujumbe. Akausoma mara mbili, akanipa na mie nisome.

Laki tano. Rambirambi.

Nilipoomba laki tatu nikiwa hai, theluji. Kazini wamefunga, gari halionekani, Kanada imegombana na Meksiko. Nimekufa saa moja tu, barabara za Chicago zote zimefunguka.

Dada yangu akatoa simu ampigie mwanawe, amtoe wasiwasi kwamba mjomba mzima. Nikamshika mkono taratibu. Nikamwambia, dada, mtoto ana usiku huko, mwache alale. Wewe kaa hapa, kiti hicho. Ngoja kwanza mama watoto aende kwa wakala.