Floyd Rose au daraja la skrubu sita: lipi linamfaa mpiga solo wa Kampala?

Kwa vijana wengi wanaopiga gitaa katika makanisa na bendi za Kampala, mjadala huu umeshafungwa: gitaa lenye mkono wa tremolo (fimbo inayosogeza daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, ili sauti ishuke au ipande) likipoteza tuni, dawa ni Floyd Rose, daraja la kubana nyuzi lenye jina la mvumbuzi wake. Lile daraja la zamani linaloshikwa mwilini kwa skrubu sita, lililokuja na gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender mwaka 1954, linahesabiwa kuwa la wanafunzi. Naona limeonewa.

Floyd Rose apewe haki yake. Uvumbuzi wake wa miaka ya 1970 uligusa kiini cha tatizo: mkono ukisukumwa, uzi huteleza na kukwama kwenye nati, pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Yeye akaubana pande zote mbili, kwenye nati na kwenye daraja. Unaweza kuusukuma mkono mpaka nyuzi zilegee kabisa, ukauachia, na sauti ikarudi mahali pake. Daraja la 1954 halikuundwa kwa mateso hayo, ingawa mpiga gitaa wa roki Jimi Hendrix alilitesa vya kutosha.

Tatizo liko kwenye kuelea, maana Floyd Rose kwa kawaida hupangwa ielee bila kulala juu ya mwili wa gitaa. Daraja linaloelea husimama kama mizani ya sokoni: nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, nalo linatulia pale nguvu zinapolingana. Seti nyembamba ya nyuzi, ile inayoanzia unene wa inchi 0.009, ikiwa kwenye tuni ya kawaida huvuta kwa jumla karibu kilo 38. Uzi wa kwanza peke yake una karibu kilo 6 kati ya hizo. Ukikatika, springi zilizopangwa kwa kilo 38 zinakutana na 32 tu. Daraja linavutwa nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote kwa mpigo.

Sasa liweke hilo katikati ya sebene, ile sehemu ya kucheza inayobebwa na gitaa. Waimbaji wamenyamaza, watu wamejaa uwanjani, na wimbo mzima uko mikononi mwa mpiga solo. Mwenye daraja lililolazwa juu ya mwili wa gitaa atahamia uzi wa pili na wa tatu, aendelee, wachezaji hawatajua. Mwenye daraja linaloelea hana pa kuhamia, maana kila anachogusa kinagombana na kinanda na besi. Kuweka uzi mpya nako kunataka ufunguo wa pembe sita, koleo la kukata kile kifundo cha mwisho wa uzi, kisha kutuni kwa duru, kwa sababu kila uzi unaokazwa unawalegeza wenzake. Hata bila uzi kukatika, mwimbaji akiomba nyuzi zishushwe nusu sauti kabla ya ibada, utafungua nati na kuanza kazi hiyo hiyo.

Na hii lawama kwamba skrubu sita haishiki tuni? Mara nyingi kosa ni la upangaji. Paka unga wa penseli kwenye mifereji ya nati ili uzi upite bila kukwama. Nyuzi mpya zivutwe kwa mkono mpaka ziache kulegea. Skrubu nne za kati zilegezwe kidogo, mbili za pembeni zibebe mzigo. Kaza springi mpaka daraja lilale. Mpiga gitaa Eric Clapton alikwenda mbali zaidi: alilizuia la kwake kwa kipande cha mti, lisisogee kabisa. Hata Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki aliyeipa Floyd Rose jina duniani, aliilaza juu ya mwili wa gitaa, akawa anashusha sauti tu bila kuivuta juu.

Ukililaza daraja unapoteza kule kuvuta juu, ni kweli, na ukizamisha mkono mpaka chini skrubu sita itayumba. Lakini sebene inataka vidole vyepesi juu ya shingo. Mkono wa tremolo unaguswa kidogo, mwisho wa kifungu.

Anayepiga roki nzito ana sababu ya kununua Floyd Rose. Achukue ya asili, kwani nakala nyingi za bei nafuu zina chuma laini na zile kingo zinazokaa kwenye nguzo zinalika mapema, daraja lisirudi tena mahali pake. Na akipanda jukwaani, gitaa la pili liwe limeshatuniwa.