Mwezi wa Nini Tena Huu?

Gari ya spika imepita tena. Saa nane mchana, watu wameshakula wali, joto limelalia mabati, ndio wakati waliouchagua kutuhamasisha. "Ndugu wananchi, mnatangaziwa kwamba mwezi huu ni mwezi wa..." Na hapo hapo, kwenye jina la maradhi yenyewe, spika ikakwaruza. Watoto wameikimbilia, kuku wametawanyika, mtaa mzima unaulizana: mwezi wa nini?

Muungwana halalamikii jambo la kheri. Mimi silalamiki. Nauliza tu.

Maana kalenda haina tena pa kuandika. Februari 4, saratani. Machi 24, kifua kikuu, siku ambayo Robert Koch aliwatangazia wenzake kule Berlin mwaka 1882 kwamba kamwona mdudu wake. Aprili 25, malaria. Mei 17 presha, Mei 31 tumbaku, Julai 28 homa ya ini. Oktoba ndiyo imefurika: tarehe 10 afya ya akili, tarehe 15 kunawa mikono, na mwezi mzima ni wa saratani ya matiti, waridi kila pembe, tangu Wamarekani walipouanzisha mwaka 1985. Hiyo ya kunawa mikono hupendeza: ndoo yenye bomba, sabuni mpya, picha. Maji wameyapata wapi usiulize. Mfereji wetu unajua kutoka saa tisa za usiku tu.

Novemba wanaume wafuge masharubu kwa ajili ya tezi dume, jambo lililoanzia Melbourne mwaka 2003. Huku kwetu ndevu zipo mwaka mzima na mwenye ndevu haendi kupimwa. Tarehe 19 ya mwezi huo huo ni siku ya choo duniani. Hiyo siisemi, pengine kuna mtu anakula.

Lakini meza ya vipimo niacheni niiseme. Ile ya Novemba 14, siku ya sukari, ambayo presha nayo hutiwa humo humo.

Anayepimwa presha akae kitini dakika 5, kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kibofu kiwe kitupu, na nusu saa nzima asiwe kanywa kahawa wala kuvuta sigara. Yote haya yamechapwa kwenye bango, na bango liko nyuma ya kijana anayepima.

Sasa mtazame bi mkubwa. Kashuka daladala bado inatembea. Kavuka njia pale Michenzani baina ya vespa mbili. Kapanga foleni juani tangu saa tatu, kwa kuwa mgeni rasmi hajafika na hapimwi mtu kabla ya mgeni rasmi kupimwa na kupigwa picha. Muuza kahawa kapita, kanywa kikombe na kashata yake. Choo kina kufuli na mwenye ufunguo yuko kwenye itifaki. Kiti alichopewa ni stuli, na meza ni fupi, ya watoto wa skuli.

"Shikamoo bibi. Nyoosha mkono."

"Marahaba mwanangu. Upi?"

"Wowote."

"Huu una bangili."

"Basi huo mwengine."

"Huo unaniuma tangu Ramadhani."

Mkanda ukafungwa juu ya baibui, na chini ya baibui mna gauni. Wakati mkanda unataka mkono mtupu! Na kuukunja mkono wa nguo mpaka kwapani si dawa, nguo inakaba. Dawa ni pazia na muuguzi wa kike. Kanga mbili na kamba zinatosha, ila fedha ya kamba ilishanunuliwa maputo.

Halafu mkanda wenyewe ni mmoja, ule uliokuja na boksi. Mpira wa ndani unatakiwa uzunguke asilimia 80 ya mkono, na mkono wa mtu aliyetwanga, akakuna nazi na kulea wajukuu miaka yote hiyo, mpira unafika nusu tu ukachoka. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa nambari kubwa kuliko haki yake. Mkono ukining'inia, nambari inapanda. Miguu ikipishana, inapanda. Kibofu kikijaa, inapanda. Mtu akisema, inapanda, na kijana ndio kwanza anajaza fomu: "Bibi, unakaa shehia gani?" Bi mkubwa ukimuuliza shehia atakupa na kesi ya mpaka wa kiwanja.

Mashine ikalia. 172 kwa 101.

"Bibi, una presha!" Kwa sauti ya mnadani, foleni yote ikasikia.

"Nilikuwa sina."

"Sasa unayo."

"Nimeitoa wapi?"

Kijana angengoja dakika moja au mbili akapima tena. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, ni kumwita siku nyengine ithibitishwe. Ikiwa 180 kwa 120 na kifua kinabana, huyo hospitali saa ile ile. Kijana kaandika nambari kwenye kikaratasi, kasema, "Punguza chumvi, kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai."

"Na papa mkavu?"

Kijana kageuka kulitazama bango. Bango halimjui papa. Nani amwambie bi mkubwa amroweke usiku kucha na maji ayamwage?

Meza ya pili, sukari. Foleni ilipewa juisi ya miwa kwa sababu ya jua, vidole vinanata, na tone la damu likipita kwenye kidole chenye miwa mashine inapima miwa. Kunawa na kukausha, basi! Ndoo ya mwezi uliopita iko wapi? Kichupa cha vijiti vya kupimia kiko wazi tangu asubuhi, unyevu unavila. Na anayeambiwa 7 (milimoli kwa lita) ndio mwanzo wa kisukari, aambiwe pia ni 7 ya aliyekaa muda wa saa nane bila kula, si ya aliyekula kashata.

Saa saba hema linavunjwa. Bi mkubwa na kikaratasi chake aende wapi? Kwa nani? Vidonge vya presha humezwa kila siku, Jumapili na Idi pia, na hema linarudi Novemba ijayo! Hata damu ni hivyo hivyo. Juni 14, siku ya watoaji damu, watu wanajipanga kutoa, na damu frijini haipiti wiki 5 au 6, kwa hiyo chupa ya Juni 14 Agosti haipo. Ramadhani, watu wamefunga, watoaji ni wachache, na hapo gari ya spika haipiti.

Kinachobaki ni fulana. Zinakuja za watoto na za majitu, hakuna za kati, na maandishi yanabanduka: ukiifua kwa maji ya moto, "Pima Afya Yako" inabaki "Pima Yako". Geuza ndani nje, maji baridi, pasi isiguse herufi. Maskani kwetu wanaocheza bao mmoja kavaa kifua kikuu, mwengine homa ya ini, na mzee anayewafunga wote kavaa ya kunyonyesha. Hajui imeandikwa nini, hasomi bila miwani, na macho siku yao ni Alhamisi ya pili ya Oktoba.