Gemu Yako ya Kwanza ya Mbinu Iwe Ramani Moja Tu

Mpenzi wa gemu za mbinu, yaani vita vya zamu kwa zamu kwenye ramani ya miraba, kama Fire Emblem au Final Fantasy Tactics, akiamua kutengeneza gemu yake mwenyewe, aghalabu huanza na hadithi: falme, koo za wafalme, wahusika thelathini na majina yao. Miezi inapita na hakuna hata mraba mmoja unaochezeka. Mimi nasema anayeanza atengeneze pambano moja: ramani ya miraba 15 kwa 10, wahusika wanne upande wa mchezaji, maadui sita, basi. Kipimo hicho kina sababu. Skrini ya Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ilikuwa na pikseli 240 kwa 160, na ukiigawa kwa miraba ya pikseli 16 unapata 15 kwa 10 kamili. Nafasi hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu akune kichwa.

Kabla ya kuwasha kompyuta, chukua daftari la hesabu lenye miraba na vifuniko vya soda, ukakae barazani. Hapa Mombasa tuna bahati: wacheza bao na drafti wa Mji wa Kale wamezoea kufikiria zamu kadhaa mbele, na kanuni yako ikiwa na tundu watalipata upesi. Tundu lenyewe mara nyingi liko kwenye hesabu ya pigo.

Tuseme pigo ni nguvu kujumlisha silaha, kutoa kinga. Baharia ana nguvu 5 na upanga wa 5. Askari ana uhai 20 na kinga 5. Pigo ni 5, kwa hiyo askari anaanguka kwa mapigo manne. Mwongezee kinga 2 tu: pigo linashuka hadi 3, na sasa mapigo saba yanahitajika. Mwongezee 4, pigo linabaki 1, na mapigo ni ishirini. Ndiyo maana anayeongeza kinga kidogo kidogo ili adui "awe mgumu" hujikuta na adui asiyekufa. Kwa kuwa tunatoa, kila nukta ya kinga inayokaribia nguvu ya mshambuliaji huwa nzito kuliko iliyotangulia. Weka kinga ya kila mtu kati ya 2 na 6, na mtu wa kawaida aanguke kwa mapigo matatu au manne. Kasi ichunge zaidi. Katika Fire Emblem za Game Boy Advance, anayemzidi mwenzake kwa kasi 4 hupiga mara mbili, yaani nukta moja ya kasi ikivuka mpaka huo huongeza pigo lako maradufu. Anayeanza angefanya vyema kuiacha kanuni hiyo kwanza.

Asilimia za kulenga, yaani uwezekano wa pigo kumpata adui, nazo zina siri yake. Tangu The Binding Blade ya 2002, Fire Emblem ilianza kuchukua namba mbili za nasibu na kutumia wastani wake kuamua kama pigo limepata. Kwa hiyo 75 unayoiona kwenye skrini kwa kweli ni karibu 88, na 25 ni karibu 13. Wachezaji huhisi haki imetendeka, kwa sababu mtu akiona 90 huwa anategemea kupata. Ukitumia namba moja tu utalaumiwa kwamba gemu inaiba, hata kama hesabu yako ni sahihi. Tumia mbili.

Ramani usiitafute mbali. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani walikuwemo Wareno pamoja na Waswahili waliowaunga mkono. Hapo una lango, kuta, bahari na vichochoro. Uwanja wazi ugharimu hatua 1, mchanga wa ufuo hatua 2, kifusi hatua 3, ukuta usipitike. Kichochoro kiwe na upana wa mraba mmoja, maana hapo mtu mmoja mwenye kinga anaweza kuzuia watatu, na mchezaji anaanza kufikiria. Lengo lisiwe kuua wote. Mwambie ashikilie lango kwa zamu 8 mpaka jahazi la chakula lifike. Lengo la muda linamzuia mchezaji kujificha pembeni akisubiri maadui waje mmoja mmoja.

Sasa kompyuta. Ukitaka kusimulia tu kwa mtindo wa Fire Emblem, kuna programu ya Lex Talionis, iliyojengwa kwa kazi hiyohiyo. Ukitaka kujifunza utengenezaji, chagua Godot 4, injini ya kutengenezea gemu: ni ya bure, leseni yake ni ya MIT, na hudaiwi senti hata ukiuza gemu. Programu yenyewe ni nyepesi, ila violezo vya kusafirishia gemu (export templates), vinavyoigeuza iweze kuchezwa nje ya Godot, ni mzigo wa karibu GB 1, kwa hiyo vipakue ukiwa kwenye Wi-Fi, usimalize bando. Jambo la kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mradi ubadilishe kichujio cha picha kutoka Linear kiwe Nearest. Bila hivyo michoro ya pikseli hutoka na ukungu.

Godot ina AStarGrid2D, na hapa wengi hupotea. Kifaa hicho hutafuta njia kati ya mraba mmoja na mwingine. Hakikuonyeshi miraba yote ambayo mhusika anaweza kufika, ile inayopakwa rangi ya buluu. Hiyo iandike mwenyewe kwa njia ya Dijkstra: anza na mraba wa mhusika kwa gharama 0, toa kwenye foleni mraba wenye gharama ndogo kuliko yote, jumlisha gharama ya kila jirani, acha inapozidi hatua zake. Ukitumia foleni ya kawaida isiyopanga gharama, ufuo na kifusi vitakupa majibu ya uongo. Vilevile AStarGrid2D huruhusu mwendo wa mshazari usipouzima, na askari wako atapenya kona za kuta.

Kosa jingine: mhusika anakufa, picha inaondoka, lakini orodha ya miraba iliyokaliwa bado ina jina lake. Matokeo yake ni mraba mtupu usiopitika. Muondoe kwenye orodha kwanza, kisha uchezeshe picha ya kuanguka. Na kabla ya kumsogeza mtu, hifadhi mraba alikotoka, usibadilishe orodha mpaka mchezaji athibitishe. Gemu ya mbinu isiyoruhusu kughairi hatua inachosha vibaya sana.

Akili ya maadui iwe fupi: akiweza kuua, aue, asipoweza, ampige atakayeumia zaidi, asipomfikia mtu, asogee kwa aliye karibu. Lakini usiwaache wote sita waje pamoja zamu ya kwanza. Watatu wasimame mpaka mchezaji aingie umbali wao wa kushambulia, yaani hatua zao pamoja na urefu wa silaha.

Kuhusu kuiga: kanuni ya upanga kushinda shoka, shoka kushinda mkuki na mkuki kushinda upanga unaweza kuitumia, kwa sababu hakimiliki hulinda kazi iliyoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa, si wazo. Majina, nyuso na muziki wa wenyewe usiguse, hata kama hutozi pesa. AM2R, gemu iliyotengenezwa na shabiki wa Metroid, gemu ya Nintendo, ilitolewa bure Agosti 2016, na Nintendo ikafanya viungo vyake viondolewe mwezi huohuo. Michoro ya tovuti ya Kenney ni huru kabisa. Ya tovuti ya OpenGameArt isomee leseni moja moja.

Ijaribu kwenye simu mapema, maana huku kwetu wachezaji wengi wana simu, si kompyuta. Kwenye skrini ya pikseli 720 kwa kimo, ukikuza mara 4, mraba unakuwa pikseli 64, na kidole gumba kinaufunika wote. Basi mguso wa kwanza uonyeshe pigo na asilimia, wa pili uthibitishe. Mpe simu mtu asiyejua gemu hizi, usimweleze neno, na uandike kila mraba anaougusa bila kupata alichotaka. Rekebisha hiyo miraba kabla ya kuchora ramani ya pili.