Mpya maana yake bado haijakazwa

Wiki ya kwanza baada ya kununua baiskeli niliirudisha dukani kwa sababu ilikuwa ikilia tik-tik-tik kila nikiacha kupiga pedeli. Kijana wa pale akanyanyua nyuma, akazungusha gurudumu, akanitazama kwa huruma. "Hiyo friwili, bosi. Ndivyo inavyolia." Yaani yale meno ya nyuma yanayoacha gurudumu lizunguke hata miguu ikitulia. Nikaondoka kichwa chini. Tangu siku hiyo nikawa naona haya kuuliza, na haya hiyo imenila hela kuliko baiskeli yenyewe.

Ujue mimi ni mtu wa Tanga. Mji wetu ni tambarare, zile barabara za namba za Ngamiani zimenyooka kama zimepigwa rula, na baiskeli ziko kila kona. Nimekua nikipakiwa kwenye keria, kutoka Makorora hadi sokoni, miguu nimeitanua isiingie kwenye spoku. Kwa hiyo nilijiona mwenyeji wa mambo haya. Kumbe abiria ni abiria tu. Ile ya mzee nyumbani ilikuwa na gia moja na breki za vyuma; hii yangu ina gia 21, tatu mbele na saba nyuma, na nyaya kila upande.

Na lile neno "mpya" ndilo linalotupumbaza wanaoanza. Baiskeli mpya nyingi hufika dukani ndani ya boksi zikiwa nusu tu: hendeli imelazwa, gurudumu la mbele liko pembeni, pedeli zimefungwa kwenye mfuko. Anayekuunganishia ni kijana aliyechuchumaa mlangoni, na wateja watatu wamemsimamia. Nimewahi kuona moja imetundikwa kuuzwa huku foki imegeuzwa, breki za mbele zinatazama nyuma. Ilikuwa inang'aa, hata nailoni haijatolewa.

Hata ikiunganishwa vizuri, mwezi wa kwanza kila kitu kinatafuta mahali pake. Spoku zinajikalisha, waya wa gia unapwaya kidogo, vibao vya breki vinaanza kulika kufuata rimu. Ndiyo maana nasema wanaosifia mtumba wa Japani wana hoja, ingawa sababu wanayotoa ni nyingine. Wao watakwambia chuma cha zamani ni kigumu. Mimi naona ni kwamba ile imeshaendeshwa, na mtu mwingine alishazikaza nati zake.

Basi nikapata mlio wa pili, na huu haukuwa wa friwili. Kwii, kwii, kila mguu wa kulia ukishuka. Nilikuwa natoka Raskazone jioni, upepo wa bahari usoni, na badala ya kufurahi nikawa nasikiliza miguu yangu. Mlio unaofuata pedeli, mtu yeyote atasema ni krenki, ile mikono inayoshika pedeli na mhimili wake. Nami nikasema ni krenki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, nikamwambia, "Krenki imekufa." Hakubisha. Akafungua, akatia beringi mpya, nikalipa shilingi 15,000. Kufika Chumbageni, kwii.

Simlaumu sana. Mimi ndiye niliyekwenda na jina la ugonjwa mdomoni badala ya kueleza ninachosikia. Ni sawa na kuingia kwa daktari ukamwambia, "Nipe dawa ya malaria," halafu ukamlalamikia kwamba kichwa bado kinauma.

Fundi wa pili ni mzee anayekaa chini ya mwarobaini huko huko Ngamiani, na benchi lake, na beseni la maji la kutafutia pancha. Nilimwamkia, nikaanza tena habari ya krenki. Akaniinulia mkono.

"Mwanangu, panda. Nenda mpaka ile nguzo, urudi."

Nikaenda, nikarudi. "Imelia, babu."

"Nenda tena. Safari hii usikae. Piga pedeli umesimama."

Nikaenda nimesimama. Kimya. Nikarudi nimesimama. Kimya. Nikakaa: kwii. Babu alikuwa bado hajagusa spana, anamalizia kahawa yake.

Ilikuwa nguzo ya siti. Ukipiga pedeli umekaa, uzito unayumba kulia na kushoto, na kile chuma kinasuguana ndani ya fremu kwa mpigo ule ule wa miguu. Aliichomoa, ilikuwa kavu kabisa, imejaa vumbi la mchanga. Akaifuta kwa tambara, akaipaka grisi nyembamba, akairudisha, akakaza. Akataka 1,000, nami nikampa 2,000 kwa aibu.

Nilichojifunza pale si habari za siti. Ni namna ya kuuliza baiskeli maswali. Inalia ukipiga pedeli tu, au hata ukiacha? Ukikaa tu, au hata ukisimama? Ikifuata mguu, tazama pedeli, krenki, siti. Ikifuata gurudumu, yaani inaharakisha kadiri unavyokimbia hata miguu ikiwa imetulia, basi achana na krenki: inua baiskeli, zungusha gurudumu, utazame pengo kati ya rimu na kibao cha breki. Pengo likipanuka na kusinyaa, rimu imepinda au kuna spoku zimelegea. Breki ikipiga kelele ukiishika, mara nyingi kibao kimekaa bapa mno. Mafundi huinamisha ncha yake ya mbele kidogo, iguse rimu mwanzo.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana ukiwa na spana mpya mkononi unataka kukaza dunia nzima.

Gia zinatisha watu bure. Mwezi wa kwanza cheni yangu ilikuwa inasita kupanda kwenda kwenye meno makubwa ya nyuma, inakwaruza, halafu ndiyo inaingia. Nikaona vile viskrubu viwili kwenye kimkono cha gia, kile cha nyuma kinachohamisha cheni, nikavizungusha. Usifanye hivyo. Vile ni mipaka tu, vinazuia cheni isivuke mwisho wa huku na wa kule. Ukivilegeza ovyo cheni inaweza kurukia kwenye spoku, na hapo utanunua vitu vingi. Kusita kupanda ni dalili ya waya uliopwaya. Pale waya unapoingia kwenye kimkono pana kikorokoro cha kuzungusha kwa vidole. Ukizungusha nusu duara kinyume na saa, waya unakaza kidogo. Jaribu, kisha nusu nyingine. Ikisita kushuka kwenda kwenye meno madogo, waya umekazwa mno, au umekamatwa na uchafu ndani ya ganda lake.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la pedeli ya kushoto. Niliihisi inacheza, nikachukua spana nikaikaza kama ninavyokaza kila nati, kuelekea kulia. Ikazidi kulegea. Nikazidi kukaza. Asubuhi iliyofuata, njia ya Horohoro, kabla sijafika Amboni, mguu ukaondoka na pedeli yake. Kwenye tundu la mkono wa krenki palikuwa na vinyuzi vya aluminiamu, vyembamba, vinang'aa kama vya kusugulia sufuria. Ndiyo meno ya skrubu hayo, yote yametoka.

Pedeli ya kushoto ina meno ya kinyume: unaikaza kuelekea kushoto. Imefanywa hivyo makusudi, maana mzunguko wa mguu ungeifungua pole pole kama ingekuwa ya kawaida. Ndugu Wright wa Marekani, hao hao walioruka na ndege mwaka 1903, walikuwa mafundi baiskeli, na meno hayo ya kinyume waliyatia kwenye baiskeli zao. Watu wa kuruka angani walilijua. Mimi nikalijua nikiikokota baiskeli kurudi mjini, jua kali, na kila bodaboda anaona afadhali aniulize kama namuuzia.

Maduka yetu yangeweza kuokoa haya yote kwa jambo moja: kumwambia mnunuzi arudi baada ya wiki tatu au nne, zikazwe spoku, nyaya na pedeli, bure. Nusu saa ya kazi. Sijasikia duka hapa mjini linalosema hivyo, na sisi wanunuzi hatuombi kwa kuogopa kuambiwa "hiyo friwili, bosi".

Juzi umeanza mlio mwingine. Kama panya anayetafuna karatasi, upande wa nyuma, hata nikiacha kupiga pedeli. Nikipiga pedeli nimesimama, upo. Nikikimbia, unaharakisha. Kwa hiyo si siti, si krenki. Kesho asubuhi naipindua uani kabla jua halijachoma, nizungushe gurudumu taratibu. Nashuku lile sahani la plastiki nyuma ya friwili, lakini kwa babu sitalitaja. Nitamwambia ninachosikia tu.